Tangi likimwaga, kila fundi anauza boya jipya. Kupima mtapima lini?

Naandika kwa hasira na sitaomba radhi. Nairobi hii maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, huja kwa mgao, na siku yanapokuja ndiyo siku ukuta unalowa kutoka darini hadi chini kwa sababu tangi la juu linamwaga. Anaitwa fundi. Anapanda, anachungulia, anashuka na hukumu: "Boya limekufa," yaani lile tufe linaloelea na kufunga koki maji yakijaa. Hajagusa kitu wala hajauliza linamwaga saa ngapi. Boya jipya linanunuliwa, linafungwa, na mgao ukirudi ukuta ni ule ule. Akiitwa tena anasema lile lilikuwa feki, sasa nunua la shaba. Mwenye nyumba analipa mara mbili kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima.

Sikilizeni. Maji yana njia mbili za kuingia tangini. Ya kwanza ni koki ya boya, hiyo mnayoijua. Ya pili ni bomba la kutolea maji chini ya tangi, na hiyo hakuna anayeiangalia.

Kipimo chenyewe hakihitaji hata spana. Panda wakati maji ya kanjo yapo na presha imeshika. Inua mkono wa boya hadi mwisho, kisha tazama mdomo wa koki. Kama bado inachuruzika, washa ya mpira (kile kiduara kinachoziba tundu) imekwisha au kuna mchanga kwenye kiti chake, pale inapokaa. Hili la mchanga ni ugonjwa wa mgao: bomba likikaa tupu halafu maji yakarudi kwa nguvu, yanasukuma kutu na tope lote hadi kwenye tundu dogo kuliko yote njiani, nalo ni tundu la koki yako. Funga maji, chomoa pini ya mkono, toa pistoni, geuza au badilisha washa, safisha kiti kwa kitambaa. Kiti kikiwa na mfuo uliochongwa na maji, hapo badilisha koki, washa mpya haitashika.

Kama ukiinua mkono maji yanakatika kabisa, koki ni nzima. Usiiguse! Chomoa boya ulitikise sikioni. Likisikika maji ndani, limetoboka, nalo huuzwa peke yake bila koki. Likiwa kavu, angalia kama mkono unagusa ukuta wa tangi au umepinda kuelekea juu. Kimo cha maji koki inapofunga kiwe milimita 25 hivi chini ya mdomo wa ovaflo, lile bomba la kutoa maji yanayozidi. Mkono wa shaba unaupinda taratibu kuelekea chini, wa plastiki una skrubu ya kurekebishia.

Sasa njia ya pili, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotelea. Toa maji hadi yashuke vidole vinne chini ya ovaflo, kwa sababu tangi lililojaa pomoni haliwezi kukuonyesha kama linapanda. Laza kipande cha mbao kwenye mdomo wa tangi, funga mkono wa boya hapo kwa kamba ukiwa umeinuliwa mpaka mwisho. Piga alama ya penseli pale maji yalipo. Mtu yeyote asifungue mfereji. Rudi baada ya nusu saa. Maji yakiwa yamepita alama na koki imekauka, yanapanda kutoka chini, na hata ukinunua maboya kumi hutapona. Funga getivalvu (koki ya kufunga kwa mkono) ya bomba la kutolea urudie. Yakitulia, umepata jibu.

Yanapandaje? Nyumba nyingi hapa zina laini mbili, ya kanjo na ya tangi, zimeunganishwa ili mgao ukiwepo mifereji itumie maji ya kanjo moja kwa moja. Kati yake panatakiwa valvu ya kuzuia maji kurudi tangini. Kila mita 10 za kimo zinakula presha ya bar 1. Presha ya bar 2 kwenye mita ya maji, tangi likiwa mita 8 juu yake, bado ina bar moja na zaidi ya kusukuma. Valvu ikikwama wazi kwa mchanga, maji yanapanda kinyumenyume hadi ovaflo. Na kuna mafundi wanaofunga hapo getivalvu tupu, eti keteka, mtunza nyumba, atakuwa anafunga na kufungua kila mgao. Keteka gani? Mgao wenyewe unakuja saa tisa usiku.

Mbaya zaidi ni valvu kufungwa mahali pasipofaa. Ile ya kibao kinachoning'inia hufanya kazi ikilala, au ikisimama huku maji yakipita kwenda juu. Ukiifunga kwenye bomba linaloshuka kutoka tangini, uzito wa kibao unakifungua na kinabaki wazi daima. Mshale wake wa njia ya maji umeelekea sawasawa, risiti ipo, na valvu haifanyi chochote. Kwenye bomba linaloshuka weka ya springi, lakini chagua springi laini: tangi lililo mita 2 juu ya bafu linatoa bar 0.2 tu, na springi ngumu itakula presha hiyo yote.

Miksa, mfereji unaochanganya maji moto na baridi, nayo ni mlango wa siri. Upande wa baridi umechukua kanjo, upande wa moto unatoka kwenye hita inayolishwa na tangi. Katriji ya ndani ikichakaa, kanjo inapenya upande wa moto, inapita kwenye hita na kurudi tangini. Ovaflo ikitoa maji ya vuguvugu, acha boya, nenda ukafunge koki ndogo ya baridi chini ya sinki uone kama tangi litatulia. Kama nyumba ina silinda yenye koili ndani, koili iliyotoboka hutoa dalili hiyo hiyo.

Mnaosema "linamwaga usiku tu, mchana ni sawa", huo si uchawi. Usiku mtaa umelala, matumizi yameshuka, presha imepanda. Koki za nusu inchi zinafanana kwa nje lakini tundu la ndani ni tofauti: la presha kubwa lina milimita 3.2, la kati 4.8, la presha ndogo 6.4. Tundu la 6.4 lina eneo mara nne ya lile la 3.2, kwa hiyo maji yanaisukuma washa kwa nguvu mara nne na boya ni lile lile. Mchana linaweza, saa nane za usiku linashindwa. Na hadiweya, duka la vifaa, inakuuzia la tundu kubwa kwa sababu "linajaza haraka". Ukitaka kujaza haraka kabla mgao haujakatika, weka koki ya robo tatu inchi yenye boya kubwa na mkono mrefu. Kwenye mwili wa koki herufi HP ni presha kubwa, LP ni presha ndogo. Someni kabla ya kulipa.

Jibu la 1: Mdau wa Kasarani

Mwenye uzi umesema kweli, ila umesahau ploti zetu, nyumba za kupangisha. Kule juu kuna matangi manne au sita yameunganishwa kwa chini, na koki ya boya iko kwenye moja tu. Maji yanatafuta kimo kimoja kwenye yote. Stendi ya tangi la pembeni ikiwa chini kwa sentimita 10, ovaflo yake inaanza kumwaga kabla boya la tangi la kwanza halijainuka. Landilodi anabadilisha koki ya tangi la kwanza mwaka mzima! Vuta mpira mwembamba wenye maji kutoka tangi hadi tangi ulinganishe midomo ya ovaflo. Aidha uinue stendi, aidha ushushe boya lifuate tangi lililo chini kuliko yote.

Na kabla ya kuongeza mbao au matofali, kumbuka lita 1,000 ni tani nzima.

Jibu la 2: Pampu Mbili

Wengine hawana kanjo juu kabisa, wana tangi la chini na pampu. Hapo swali la kwanza ni pampu inazimwa na nini. Zima stima ya pampu kwenye swichi kuu. Ovaflo ikikauka, shida ni swichi ya boya, ile inayozima pampu tangi likijaa, au waya zake. Mara nyingi waya wake umejizungusha kwenye bomba, au umeachwa mrefu mno hivi kwamba boya linapinduka maji yakiwa tayari yamepita ovaflo. Kama pampu inaendelea kunguruma hata ukiinua boya lenyewe kwa mkono, tafuta kontakta (swichi ya stima inayowasha pampu) iliyoungua na kushikana, au fundi stima aliyeunganisha swichi ya boya kwa waya za kumwagia tangi badala ya za kujazia.

Nawaomba pia msiweke koki ya boya mwisho wa laini ya pampu isiyo na swichi ya presha ili "kusaidia". Koki itafunga, pampu itazungusha maji yale yale ndani yake mpaka yachemke na sili iungue.

Jibu la 3: Mwenye uzi

Mdau wa Kasarani, nakubali, hilo la stendi ni asilimia kubwa ya malalamiko ya ploti. Pampu Mbili, la swichi nalikubali pia, ila kwenye tangi la chini lenyewe kuna koki ya boya ya kanjo, nayo ikimwaga haionekani ukutani, inaingia ardhini kimya. Funga mifereji yote, zima pampu, tangi likiwa limejaa, tazama kinyota kwenye mita. Kikizunguka, kuna mahali panavuja.

Na kwa landilodi wanaosema "ni maji kidogo tu": lita 1 kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, zaidi ya lita 43,000 kwa mwezi. Hizo ni yuniti 43 kwenye bili, na ada ya majitaka inahesabiwa juu ya maji hayo hayo ambayo hayakufika hata chooni.

Ovaflo yenyewe iwe pana kuliko bomba la kuingiza, kwa nusu inchi weka angalau robo tatu, itokeze nje mahali inapoonekana, na wavu mdomoni wadudu wasiingie. Kuna watu wameichomeka kwenye gata ili wapangaji wasilalamike. Hao sina neno la kuwaandikia hapa nisifungiwe.

Ukitaka kusaidiwa kwenye uzi huu, usitume picha ya mfuniko wa tangi. Piga picha ya bomba la kutolea, valvu na mshale wake, miksa ya jikoni, na useme linamwaga saa ngapi.