Naomba ushauri: mchumba wangu kaitwa "jing yan", nijibu nini?

Habari zenu wakuu. Huu mwaka wa 3 nachukua mzigo Guangzhou, na Kikantoni nakiokota hukohuko madukani. Juzi nilimpeleka mchumba wangu kwa mama mmoja muuza vitambaa. Akamtazama juu hadi chini, akaniuliza, "Jing yan?" Wasaidizi wake wakaangua kicheko. Mimi nikaitikia tu kwa kichwa.

Baadaye rafiki akanieleza kuwa ni neno la opera yao. Kundi la opera ya Kikantoni lina nguzo 6 za waigizaji: "jing yan fa dan" ndiye mwigizaji mkuu wa kike, na nyuma yake yupo wa pili, "yi bong". Mtaani "jing yan" ni mke halali, yaani bi mkubwa wetu. Sasa mchumba kanuna: kama kuna bi mkubwa, bi mdogo ni nani?

Mnaokijua Kikantoni, ule ni utani wa kawaida au dharau? Wiki ijayo narudi kuchukua marobota, nimjibu vipi bila kuharibu bei? Nimeambiwa "jap sang" tu, yaani nibuni jibu papo hapo, kama mwigizaji aliyesahau maneno anavyojiokoa jukwaani. Lakini aliyeniambia hakai nyumba moja na aliyenuna.