Mimi Moravian, mke Mpentekoste: binti yetu abatizwe sasa au asubiri?

Baba Mtoto wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini. Nimelelewa Moravian, kwetu Urambo. Mke wangu ni wa FPCT, kanisa la Kipentekoste, kwao Nzega. Tulioana kwa maelewano kwamba kila mtu abaki na kanisa lake, na tumeishi kwa amani. Sasa Mungu ametupa binti, ana miezi mitano, na yeye hakuwemo kwenye maelewano yale.

Mama yangu anataka abatizwe Krismasi hii, Urambo, walikobatizwa babu na bibi. Wasimamizi ameshawapanga: kaka yangu wa Dar mwenye uwezo, pamoja na mkewe. Huyo kaka kanisani tunamwona kwenye misiba na harusi. Mke wangu anasema mtoto abarikiwe tu na mchungaji wao, akikua akaamini mwenyewe ndipo aingie maji mengi, yaani abatizwe kwa kuzamishwa. Kaniuliza: "Mkishambatiza, nani atamfundisha? Kaka yako yuko Dar, mama yuko Urambo." Nikakosa jibu.

Naomba ushauri, hasa kwa mliopitia ndoa za namna hii. Kutukaniana madhehebu sitaki.

Mla Matobolwa
Batiza mkuu, mengine mbele kwa mbele. Kwenye Biblia, Matendo 16, mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku uleule yeye na watu wake wote. Hakuna aliyeulizwa cheti cha kuzaliwa.

Mama Shalom
Matobolwa, soma na mstari wa juu yake: walihubiriwa kwanza wote waliokuwamo nyumbani. Kichanga hahubiriwi. Ila na sisi tunaosubiri tusijisifu sana. Mwanangu wa kwanza aliwekewa mikono mbele ya kanisa zima, vigelegele mpaka nje. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza habari zake, mpaka alipofika kidato cha pili akaacha kuja. Hapo ndipo wakaanza kuniuliza mimi nimemlea vipi.

Mwisho wa Reli
Nafundisha Shule ya Jumapili hapa Kigoma, kanisa silitaji. Siku ya ubatizo mchungaji huwageukia waumini na kuwauliza kama watasaidia kumlea mtoto huyu katika imani. Kanisa linanguruma: "Tutasaidia!" Ibada ikiisha, wa kusaidia ni mimi na dada mmoja wa kwaya. Watoto zaidi ya hamsini chini ya mwembe, mkeka mmoja, wanaokosa nafasi wanakalia kandambili zao. Chaki tunanunua wenyewe. Nikiomba fungu la vitabu naambiwa tusubiri bati za kanisa ziishe kwanza.

Kwa hiyo suala la Krismasi weka pembeni. Jumapili ijayo, hapo hapo mnaposali, usikae ndani. Nenda walipo watoto. Sikiliza kama mwalimu anawaita kwa majina. Angalia kama kuna mzee wa kanisa aliyewahi kufika pale. Mtoto abatizwe kwa watu watakaomwona kila wiki, na msimamizi awe mtu anayeweza kufika kwako kwa miguu. Urambo mtakwenda kula sikukuu.

Frateri Mstaafu
Naunga mkono. Kwetu Wakatoliki mtoto anapitia jumuiya, kile kikundi cha waumini majirani. Mwenyekiti wake asipokujua, barua ya kuombea ubatizo hupati. Wapo viongozi wanaoifanya barua hiyo fimbo ya kudai michango, na hilo ni baya, lakini shabaha ni kwamba majirani wajue wanampokea nani. Na sheria ya Kanisa inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, ana kipaimara na anaishi imani yake. Mfuko haumo.

Halafu ubishi wenu si mpya, na ni wa Afrika hii hii. Mwaka 200 hivi, Tertuliano wa Karthago alishauri watoto wasubiri, na mojawapo ya sababu zake ni hao hao wasimamizi: wanaweza kufa kabla ya kutimiza walichoahidi. Miaka hamsini baadaye, mji ule ule, askofu Kipriano na wenzake wakasema hata siku ya nane tangu kuzaliwa isingojewe. Mkeo si mkaidi, na mama yako si mshamba.

Bint Ujiji
Mimi Muislamu, napita tu. Kwetu siku ya saba akika, nywele zinanyolewa, nyama wanakula mpaka jirani wa kanisani. Kazi ni madrasa. Wangu akikosa siku mbili, ustadhi anatuma mtoto mwenzake aje kuuliza. Nyie hamuulizani?

Baba Mtoto wa Isevya
Bint Ujiji, umetuchapa. Mrejesho: Jumapili nilikwenda kwa watoto, mke wangu akaja naye. Mwalimu alimpokea binti mikononi kabla hata hajatusalimu vizuri, akakaa naye mpaka watoto wakamaliza kuimba. Tukiwa njiani mke kasema anaweza kukubali ubatizo, ila uwe hapa Tabora, mwalimu yule awe msimamizi, na binti akija kutaka maji mengi ukubwani nisimzuie. Nimekubali, japo najua wachungaji wetu hapo hawataelewana. Kilichobaki ni mama. Na kaka ameshanunua mbuzi.

Mama Shalom
Usimwambie mama kwa simu. Mtume shangazi yako.

Mla Matobolwa
Mbuzi aje Tabora, usafiri nachangia.