Naomba ushauri: samaki wa Yucatán kwa zingefuri na madanzi

Mpishi wa Tanga
Ndugu zangu, salamu kwenu. Ijumaa ijayo nina wageni, na ningependa kuwapikia tikin xic, samaki wa rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, ambaye Wamaya humpasua, humpaka rojo la zingefuri, zile mbegu za kutia chakula rangi nyekundu, na maji ya madanzi, yale machungwa makali, kisha humfunika kwa majani ya mgomba na kumchoma. Nimefurahi mno kuona kwamba karibu mahitaji yote yapo hapa pwani kwetu. Hata hivyo, mbegu za zingefuri ni ngumu kama kokoto, sijui nizisageje. Pia naomba kujua ni samaki yupi anafaa, na kama sembe inaweza kutengeneza tortilla, ile mikate bapa ya mahindi ya Meksiko.

Bi Karafuu
Mwanangu, miminia maji ya moto vijiko vitatu vya mbegu, uziache zilowe usiku kucha. Asubuhi zichuje, uzisage kwa mashine ya viungo pamoja na kitunguu saumu, pilipili manga, karafuu mbili, bizari nyembamba kidogo, majani makavu ya oregano, chumvi na nusu kikombe cha maji ya madanzi, mpaka upate rojo zito. Vaa nguo ya kazi, kwa sababu rangi yake ikishika kitambaa haitoki. Ukikosa madanzi, changanya sehemu mbili za maji ya chungwa na moja ya ndimu. Samaki akae humo nusu saa tu, kwa kuwa ukali ukizidi muda nyama huanza kukakamaa kabla haijaona moto.

Jiko la Mkaa
Kwa nini ujisumbue na mbegu? Paprika na rangi ya chakula vitakupa wekundu uleule, na wageni hawatatambua.

Bi Karafuu
Samahani, sikubaliani nawe hata kidogo. Zingefuri ina harufu yake ya udongo na uchungu mwepesi ambao paprika haina, na mzingefuri wenyewe asili yake ni nchi za joto za Amerika, ambako hicho chakula kilizaliwa. Ikiwa mti upo Unguja na upo pwani ya Kenya, sioni sababu ya kununua rangi ya kopo.

Mvuvi Mstaafu
Dada, tafuta changu au chewa wa kilo moja na nusu hivi, kwa kuwa wote wana nyama nyeupe isiyovunjika ovyo. Walio bara wanaweza kutumia minofu ya sangara. Nguru na jodari waache kwa mapishi mengine, nyama yao ni nzito na itaufunika utamu wa madanzi. Mpasue mgongoni, umkunjue awe bapa, na magamba usiyaondoe, kwa maana yanamkinga asishike kwenye wavu wa kuchomea. Majani ya mgomba yababue kwanza juu ya moto ili yalainike, la sivyo yatachanika. Mlaze ngozi ikiwa chini, mfunike kwa jani jingine, na mkaa uwe wa wastani. Baada ya dakika ishirini anza kumtazama: nyama iliyo nene karibu na mfupa ikiwa nyeupe na inaachana kwa uma, mwepue mara moja.

Mpishi wa Tanga
Nawashukuru sana. Na tortilla je?

Bi Karafuu
Sembe haitashikamana, mwanangu. Mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa, ndipo husagwa, na hiyo chokaa ndiyo inayoufanya unga ushikane. Pika wali mweupe au chapati. Jambo usilolisahau ni vitunguu vyekundu: vikate vyembamba, vipitishe maji ya moto, vichuje, uviloweke kwa maji ya madanzi, chumvi na oregano. Pilipili mbuzi ni jamii moja na habanero, pilipili kali ya Yucatán, basi ikate vipande vidogo, uiweke kando kwenye kibakuli, kila mgeni ajitilie kadiri awezavyo.