Mdogo wangu anafungwa tyubu ya pikipiki pajani ili misuli irudi. Ni salama?

DadaMwanga: Habari za humu, wakubwa shikamooni. Tuko Kigoma mjini. Mdogo wangu, miaka 24, alivunjika muundi kwa ajali ya pikipiki. Hogo limetolewa, daktari kasema mfupa umeunga na aanze kuukanyagia, ila paja limesinyaa mno. Rafiki yake wa jimu kaona video mtandaoni, sasa kila jioni anamkaza tyubu juu ya paja mpaka mguu unabadilika rangi, kisha anamnyanyulisha uzito. Anadai damu ikibanwa misuli inajaa haraka. Dogo analalamika ganzi vidoleni, na tangu juzi kigimbi kinavimba. Mama anamchua kwa mawese. Kitu hiki kipo kweli hospitalini? Nyumbani wananiona naogopa bure.

Chuma_Ujiji: Kipo, dada. Mjapani Yoshiaki Sato ndiye aliyekianzisha, wao wanakiita kaatsu. Mwaka 1973 alivunjika kifundo cha mguu akicheza ski, akajifanyia mwenyewe na misuli ikarudi. Jimu watu wanafunga kila siku. Asikaze sana tu.

Fizio_Magharibi: Chuma, "asikaze sana" ni kiasi gani? Shida yote iko hapo.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Mbinu ni ya kweli na inasaidia sana mtu ambaye mfupa au goti lake haliwezi bado mzigo mkubwa. Ananyanyua kidogo, asilimia 20 hadi 30 ya uzito mkubwa kabisa anaoweza kuunyanyua mara moja, na misuli inajengeka zaidi kuliko kwa uzito huohuo bila kubanwa. Lakini damu inayozuiwa ni ile inayorudi juu. Inayoshuka mguuni inapunguzwa tu, haikatwi. Ndiyo maana tunatumia mkanda mpana wa kujaza upepo, tunausikiliza mshipa kwa dopla, yaani kifaa cha kusikiliza damu ikipita, mpaka tujue presha inayozima damu kabisa kwenye mguu wa huyo mtu, halafu tunafanya kazi kwa asilimia 40 hadi 80 ya hiyo. Paja nene na jembamba hayapati presha moja. Ananyanyua mara 30, kisha 15 kwa awamu tatu, akipumzika nusu dakika katikati, basi mkanda unafunguliwa. Tyubu haina kipimo chochote, na kwa wembamba wake inaminya mishipa ya fahamu sehemu moja. Hiyo ganzi ndiyo inasema hivyo.

Dada, kinachonitisha zaidi ni kigimbi. Mguu uliovunjika ukakaa kwenye hogo huganda damu kirahisi. Mama aache kuchua sasa hivi: donge likichomoka likafika kwenye mapafu linaua. Mpelekeni hospitali ya Maweni leo, msingoje kesho. Akianza kuhema kwa shida au kuchomwa kifuani, hiyo ni dharura.

Mkazi_Isevya: Tabora hapa. Mimi nilifungwa mkanda huo Dar baada ya upasuaji wa goti. Kabla ya kunigusa waliniuliza maswali mengi: presha ya juu, kuwahi kuganda damu, mishipa iliyovimba miguuni, saratani, selimundu. Hili la mwisho msilipite. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, na chembe nyekundu za mwenye nao hujikunja oksijeni ikipungua. Sasa unaifungia damu mguuni kwa makusudi! Kwenu yupo?

DadaMwanga: Mtoto wa baba mdogo anayo. Huyu hajawahi kupimwa. Tyubu nimeikata kwa kisu, mama kakubali. Tunasubiri bajaji.

Chuma_Ujiji: La selimundu sikulijua. Nitawaambia na vijana wa jimu. Mungu amponye.

Fizio_Magharibi: Vizuri sana, dada. Kwa daktari elezeni habari ya tyubu bila kuficha, mtaje na ganzi, muombe na kipimo cha selimundu. Wakikuta hakuna donge, waulizeni kama anaweza kuanza na haya: akae mguu umenyooka, aviringishe khanga chini ya goti, aikandamize akihesabu hadi tano, aachie. Halafu anyanyue mguu ulionyooka akiwa amelala chali. Akizoea, asimame na kukaa kwenye kiti bila kushika. Paja linarudi hata bila mkanda, linataka siku nyingi tu. Mkishaonana na daktari, andika hapa walichosema kuhusu kigimbi.