Klabu ya wanafunzi wa biashara Lubumbashi: tuanze na makala (makaa) ya vumbi au tujiandikishe kwanza?

Mwanzilishi_Lushi
Jambo wote. Tuko 14, promosyo (mwaka) ya pili ya menejimenti hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Tunataka klabu ya mazingira na faida kwa watu. Komite imegawanyika: wengine wanataka kupanda miti, wengine kukandamiza vumbi la makala linalobaki kwenye depo za wauzaji liwe vipande vya kuwasha, wengine kusajili ASBL (shirika lisilo la faida) kwanza. Tunaanza Novemba. Mshauri wetu ni asistan (mwalimu msaidizi) mmoja. Tufanye nini?

Mukaguzi
ASBL iacheni kwa sasa. Sheria ya Kongo ya 20 Julai 2001 inataka wanachama wasiopungua saba, hilo mnalo. Shida ni kwamba inaruhusu biashara kama kazi ya pembeni tu, na wanachama hawatafuti faida yao wenyewe. Mkiuza makala kila wiki na kugawana pesa, hiyo si ASBL tena. Siku mauzo yakikua, angalieni kooperative (ushirika) ya OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika. Ile nyepesi inaanza na watu watano. Kwa mwaka wa kwanza inatosha barua ya ruhusa ya fakilte, yenye jina la asistan na kanuni za ukurasa mmoja. Enactus, mtandao wa klabu za wanafunzi wanaofanya miradi ya biashara kwa faida ya jamii, ulioanza Marekani mwaka 1975, nayo inajengwa hivyo: wanafunzi wanafanya kazi, mwalimu anawasimamia.

Mama_Mbabula
Kuhusu makala, wadogo zangu, Novemba ndipo mnapokosea. Mvua ya Lubumbashi inakwenda hadi Aprili, na kile mtakachokandamiza kitaota ukungu. Miezi ya mvua itumieni kukusanya vumbi na kupima. Kazi kubwa ianze Mei.

Vumbi la depo lina mchanga mwingi. Mwaga gao moja kwenye ndoo ya maji: makala yanaelea, mchanga unazama. Ukiona tabaka nene chini, tafuteni depo nyingine, kwa sababu jivu litajaa na moto utakufa. Chungeni kwa wavu wa milimita 2 hadi 3.

Kipimo cha kuanzia: vumbi kavu kilo 20, unga wa mihogo kilo 1.2, maji lita 12. Unga ukorogeni na maji baridi kidogo kwanza, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, mkoroge hadi uji uwe mzito na kung'aa. Unga mbichi haugandi, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Changanyeni uji ungali moto, kwa mwiko. Ukishapoa, kamata konzi moja na ubane: maji yasichuruzike, na ukifungua mkono donge libaki zima. Likimwagika, uji haujatosha. Likiteleza kama tope, maji yamezidi na litapasuka likikauka.

Siku ya kwanza yakae kivulini, halafu jua siku tatu au nne, yakigeuzwa. Ukianza na jua kali, ngozi ya nje inakauka mbele na ndani yanabaki mabichi. Yatavunjika safarini.

Mwanzilishi_Lushi
Aksanti, mama. Tutauzia nani? Na udongo kama gundi, si rahisi zaidi?

Mama_Mbabula
Udongo unashika, lakini hauwaki. Utazidisha jivu. Mteja ni mama wa maharagwe. Makala haya yanachelewa kuwaka, yakishika yanakaa. Anayepika bukari (ugali) anataka moto mkali wa haraka, atayakataa. Na waambieni wote: yasiwashwe ndani na mlango umefungwa, sumu ya moshi wake haina harufu.

Kesi_Safi
Niongeze jambo la pesa, maana klabu nyingi zinafia hapo. Pesa isikae kwenye M-Pesa ya prezida. Prezida akimaliza masomo, namba inakwenda naye. Mfuko uwe na funguo mbili, mweka hazina na asistan, na daftari lenye kuingia, kutoka, salio, saini mbili kila Ijumaa. Naibu mweka hazina atoke promosyo ya kwanza.

Mukaguzi
Na msiandike "tumeokoa miti". Hamjui. Chagueni nyumba 15. Pimeni kwa mizani makala yanayotumika kwa wiki mbili kabla, kisha wiki mbili baada ya mwezi wa kuwauzia. Zikinunua yenu na bado zinamaliza gunia lile lile, hakuna kilichobadilika msituni.

Kesi_Safi
Mukaguzi, nyumba 15 kwa wanafunzi 14 kipindi cha mitihani? Sita zinatosha, zikipimwa vizuri.

Mukaguzi
Sita, basi. Lakini kila mmoja apime nyumba zile zile mpaka mwisho.

Mwanzilishi_Lushi
Kabla ya kuuza, tunalinganishaje na makala ya kawaida?

Mama_Mbabula
Mbabula (jiko la makala) moja, sufuria moja yenye kifuniko, maji lita 2, gramu 500 za kila aina. Andikeni dakika hadi maji yachemke, na dakika hadi yaache kuchemka, kisha pimeni jivu. Rudieni mara tatu, mahali pasipo upepo.