Tarantula amelala chali: anakufa au anajivua gamba?

Kijana wa Katuba:
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Miezi minne iliyopita, tulipokuwa tukibomoa kichuguu ili tupate udongo wa matofali, nilimkuta tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, wa rangi ya machungwa, nikamweka katika sanduku la kioo lililokuwa la samaki, lenye udongo wa kimo cha vidole viwili tu. Kwa majuma matatu amekataa mende na panzi, na rangi yake imefifia. Leo alfajiri nimemkuta amelala chali juu ya utando mweupe aliousuka kama jamvi, miguu ikitikisika kidogo sana. Mke wangu anasema nimtupe kabla hajaoza. Je, anakufa?

Mzee wa Kampemba:
Usimtupe, kijana wangu, wala usimguse. Buibui anayelala chali juu ya jamvi lake anajivua gamba, na kazi hiyo yaweza kuchukua saa kadhaa. Kama umemwachia panzi humo, mtoe taratibu, kwa sababu mdudu mdogo tu aweza kumtafuna akiwa bado laini. Akimaliza, meno yake yatakuwa meupe. Usimlishe mpaka yawe meusi.

Mama wa Kamalondo:
Papa, mimi nilikuwa na mmoja aliyekunja miguu yote chini ya mwili, akafa. Je, huyu asinyunyiziwe maji?

Mzee wa Kampemba:
La, mama, hizo ni hali mbili tofauti. Buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini, kwa hiyo akikaukiwa miguu hujikunja chini yake, naye huwa amelala kwa tumbo, si kwa mgongo. Wako huenda alikosa maji. Huyu wa kijana akinyunyiziwa sasa atasumbuliwa bure.

Fundi wa Ruashi:
Kinachonitia wasiwasi ni sanduku. Kichuguuni alikuwa na shimo, nawe umempa vidole viwili vya udongo na kuta ndefu za kioo. Akipanda na kuanguka, tumbo laweza kupasuka. Gamba jipya likishakomaa, mpe udongo mkavu wa kimo cha sentimita 15 hivi, uliochimbwa mahali pasipopulizwa dawa ya wadudu, uache nafasi ndogo juu yake, kipande cha gome, kifuniko chenye maji ya kunywa, na matundu ubavuni. Mende wa jikoni waliopigwa dawa usimpe kamwe. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku ikishuka, mweke karibu na ukuta wa ndani, mbali na moshi wa mbaula, yaani jiko la makaa. Kumhamisha, tumia kikombe na brashi ndefu: tarantula wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo wenzao wa Amerika huwarushia maadui, kwa hiyo huyu hujitetea kwa kuuma, na maumivu yake ni makali.

Kijana wa Katuba:
Nimerudi jioni nikaona buibui wawili, nikaruka nyuma! Mmoja ni ganda tupu, hata meno yamo. Mwenyewe amejikunyata pembeni, rangi yake ya machungwa inawaka. Ganda nilitupe?

Mzee wa Kampemba:
Lihifadhi. Liloweke katika maji yenye tone la sabuni, ulikunjue sehemu ya tumbo na uiangalie kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta mfuko wa kuhifadhia mbegu za dume kwa ndani, ujue ni jike, na jike huishi miaka mingi.