Naombeni ushauri, gemu anayopenda mtoto inaonyesha tabia yake kweli?

Wakuu habari, niko Dodoma, Nkuhungu. Mdogo wangu ana miaka 14, akitoka shule moja kwa moja banda la PS, wenzake wanagombania mpira yeye ni GTA San Andreas tu, ile ya 2004 ya kuiba magari na kupiga watu, sasa mama keshaanza kusema huyu atakuja kuwa kibaka. Mi namjua, ni mpole mno, hata kuku hawezi kuchinja. Juzi nikakaa nae pembeni nikaona misheni hafanyi kabisa, anaendesha gari taratibu anasikiliza redio ya humo ndani, basi. Ila Uingereza gemu hiyo wameiwekea miaka 18, hapo ndo naogopa. Nimkataze au nimwache? Na mama nimweleweshaje?